Naomba ushauri: milinganyo ya diferensiali kabla ya matriksi

Wandugu, niko Bukavu, mwaka wa pili uhandisi wa umeme. Muhula huu tunasoma milinganyo ya diferensiali (ile yenye kasi ya badiliko la kitu ndani yake), na matriksi (majedwali ya namba) itakuja baadaye. Milinganyo ya daraja la kwanza (yenye y' tu) naiweza: y' = ky, natenga vigeu, napata y = Ce^(kx). Ya daraja la pili (yenye y'') ndiyo inanisumbua. Kwa y'' + 4y = cos 2x, mwalimu anajaribu moja kwa moja jibu la umbo la x sin 2x. Ile x ya mbele inatoka wapi? Saketi za koili na kondensa zinaegemea hapo, nataka kuelewa kabisa, si kukariri tu. Nianze kujisomea matriksi, ao nikazane na mazoezi? Mwenye silabusi nzuri, hata ya Kifaransa, anisaidie. Video hapana, mega zinaisha upesi.