Kulungu, fesanti au sungura: nyama ipi ya porini ya Uingereza inafaa mlo wa watu wanane?

Mama Neema, Northampton

Ndugu zangu, habari za jioni. Wakwe zangu watatutembelea mwishoni mwa Novemba, na mwanangu aliyezaliwa huku anashikilia kwamba wapewe chakula ambacho hawawezi kukipata Dar es Salaam. Bucha la karibu nasi lina kulungu mwekundu, lina yule kulungu mdogo aitwaye muntijaki, lina ndege waitwao fesanti na lina sungura wa porini. Sijawahi kupika hata mmoja wao. Naomba mnilinganishie ladha, gharama na ugumu wa upishi, mkizingatia kwamba wageni wangu hawali nyama yenye wekundu ndani, hata kidogo.

Mpishi wa Zamu

Dada Mama Neema, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Nimefanya kazi katika jiko la hoteli moja huko Scotland kwa miaka 11, na nimeona Waafrika wenzangu wengi wakiichukia nyama ya kulungu kwa sababu tu walipewa sehemu isiyowafaa. Nyama hii haina mafuta yaliyopenya kwenye minofu kama ya ng'ombe. Kwa hiyo sarara yake hukaangwa haraka, hutolewa ikiwa bado nyekundu katikati, kisha huachwa itulie dakika chache kabla ya kukatwa. Ukiipika mpaka iive kabisa kama tunavyopenda sisi, utakuwa umewaandalia wakwe soli ya kiatu kwa bei ya juu kuliko zote pale buchani.

Bega, shingo na muundi ni habari nyingine. Misuli hiyo imefanya kazi maisha yote ya mnyama, na ugumu wake huyeyuka ukawa rojo tamu ikipikwa polepole, yaani hapo kuiva sana ndiko kunakotakiwa. Nunua bega la kulungu mwekundu lisilo na mfupa, kilo 2, ulikate vipande vikubwa, uvikaange kidogo kidogo mpaka vigeuke rangi, kisha uvitie katika chungu chenye kifuniko pamoja na vitunguu vingi, karoti, nyanya, supu ya mifupa, karafuu mbili na kijiti cha mdalasini. Weka katika oveni ya nyuzi 150 kwa saa 3 hivi. Pika siku moja kabla, kwa kuwa kesho yake huwa tamu zaidi.

Kijana wa Devon

Ninamheshimu kaka Mpishi, lakini ninamtetea fesanti. Msimu wake ni kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 1 Februari, na kwa kuwa wengi hulelewa na kuachiliwa mashambani kwa ajili ya wawindaji, mwezi Novemba hujaa madukani na bei yake huwa ya chini. Ladha yake iko kati ya kuku wa kienyeji na kanga, hivyo hakuna mgeni atakayeshtuka. Kosa la wengi ni kumchoma mzima, kidari kikakauka kabla mapaja hayajalainika. Mkate vipande: mapaja yachemke kwa moto mdogo saa moja na nusu pamoja na vitunguu na vipande vya tufaha, ndipo utie vidari kwa dakika 15 za mwisho. Ndege mmoja hutosha watu wawili au watatu, basi wanne watakutosha.

Muuguzi Coventry

Ndege hao hupigwa kwa bunduki za marisau, na marisau mengi yametengenezwa kwa madini ya risasi (lugha yetu imeyapa madini na kinachotoka bundukini jina moja, na hapa imesema kweli). Mamlaka ya chakula ya Uingereza huwashauri wanaokula nyama ya namna hiyo mara kwa mara wapunguze, hasa watoto wadogo na wajawazito. Ukimchagua fesanti, papasa kila kipande kwa vidole kabla ya kupika.

Bint Ngazija

Kwa sisi Waislamu kuna swali la nani aliyepiga na kama alitaja jina la Mwenyezi Mungu, na muuza nyama hawezi kulijibu. Kulungu wa kufugwa wapo; ulizia aliyechinjwa kihalali.

Otieno wa Leeds

Sungura nilimjaribu. Nyama yake ni nyeupe, kavu, yenye vifupa vingi vidogo, na baba mkwe alikataa kumla Sungura mjanja wa hadithi alizosimuliwa na bibi yake. Tena kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo ilinichukua muda kuzoea kununua nyama ya porini mchana kweupe na kupewa risiti.

Mpishi wa Zamu

Nisimsahau muntijaki, ambaye dada ni jirani yake kabisa: asili yake ni China, na aliletwa Woburn, Bedfordshire, kisha akaenea misituni. Huzaa mwaka mzima, kwa hiyo nchini Uingereza hana msimu wa kufungwa kuwindwa. Nyama yake ni laini na haina harufu kali. Mimi humfananisha na mwanambuzi. Bega lake ni dogo mno kwa watu wanane, lakini sarara yake ingemfaa mwanao.

Mama Neema, Northampton

Nimeagiza bega la kulungu mwekundu kilo 2 kwa ajili ya wakwe, na sarara moja ya muntijaki kwa ajili ya kijana, ambaye ataikaanga mwenyewe. Fesanti nitamjaribu tukiwa peke yetu. Je, niwapikie wali wa nazi au ugali?

Mpishi wa Zamu

Ugali, dada. Rojo lile litapigana na nazi.

Kijana wa Devon

Hapo sina ubishi.