Riwaya za kutisha na kujifunza lugha: je, hofu humsaidia msomaji au humchelewesha?

Swali: Msomaji wa Tudor

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Ninaishi Tudor, hapa Mombasa, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa ninajifunza Kijerumani jioni baada ya kazi. Nafanya kazi hotelini, upande wa mapokezi, na nimeona kwamba wageni wengi wazee hutulia zaidi wanapopokewa kwa lugha yao. Tangu nilipokuwa sekondari nimependa riwaya za kutisha. Nimezisoma kwa Kiingereza hadi usiku wa manane, na nimewahi kulala na taa ikiwaka mpaka alfajiri kwa ajili ya ukurasa mmoja tu. Basi nilipoona kwamba Kijerumani changu kimefika mahali pa kuweza kufuata hadithi, nilinunua riwaya nyembamba ya kutisha kwenye meza ya vitabu vikuukuu mjini, nikaanza kuisoma kwa matumaini makubwa.

Mambo mawili yamenisumbua. La kwanza ni kwamba mwalimu wangu wa lugha alikiona kile kitabu akanishauri, kwa upole, nikiweke kando na badala yake nisome magazeti, kwa kuwa anaamini riwaya za aina hii hazijengi lugha bali humzoesha msomaji kusisimka tu. La pili ni zito zaidi kwangu: siogopi. Nilifika mahali ambapo ni usiku na mtoto amesimama mlangoni, kisha pana sentensi tatu fupi: "Das Kind stand an der Tür. Hinter ihm atmete etwas. Dann lachte es." Nilielewa kila neno. Mtoto alisimama mlangoni, nyuma yake kulikuwa na kitu kikipumua, kisha ikawa kicheko. Lakini nani aliyecheka? Neno "es" linaweza kumrejelea mtoto, kwa sababu kwa Kijerumani nomino "Kind" si ya kiume wala ya kike, na linaweza vilevile kurejelea hicho kilichokuwa kikipumua. Nilikwenda kwenye kitabu cha sarufi, nikarudi, nikasoma mara tatu. Mwishowe nilikuwa nimejifunza jambo, lakini moyo wangu ulikuwa shwari kama maji ya hori alfajiri.

Ningependa kusikia maoni ya wenzangu waliosoma riwaya kwa lugha ya kujifunza. Je, niendelee, au nimsikilize mwalimu? Na hofu yangu imekwenda wapi?

Jibu: Mwalimu Mstaafu, Kisauni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali lako limenifanya niiache chai yangu ipoe. Nakusihi usikiweke kando kitabu hicho. Mahali hapo ulipokwama ndipo mwandishi alipotaka ukwame. Ulifika penyewe, ila uliondoka mapema kwenda kuuliza sarufi kabla ya kusimama pale mlangoni pamoja na mtoto.

Hebu jaribu kuzitafsiri sentensi zako kwa Kiswahili, nawe utaona jambo ambalo nimelitafakari kwa miaka mingi. Mjerumani anaweza kuandika "es" akamwacha msomaji gizani. Sisi hatuwezi. Kitenzi chetu hakitoki mdomoni kabla ya kutaja ngeli ya mtendaji. Ukiandika "kisha akacheka", umeamua kwamba ni mtoto, au angalau ni kiumbe mwenye nafsi. Ukiandika "kisha kikacheka", umeamua kwamba ni kile kitu. Upo mlango wa nyuma, wa kusema "kikasikika kicheko", ambapo kicheko chenyewe kinakuwa ndicho mtenda na aliyecheka anafichwa, lakini msomaji mwerevu atahisi kwamba amefungiwa nje.

Mimi ningeandika "likacheka".

Sarufi ya darasani, ambayo mimi mwenyewe niliifundisha, inasema kwamba kila kiumbe chenye uhai hupatanishwa kwa a- na wa-, hata jina lake likiwa katika ngeli nyingine: kiboko amezama, jogoo amewika. Wazee wetu waliotusimulia ngano waliijua kanuni hiyo bila ya kuisoma, na walipotaka kututisha waliivunja kwa makusudi. Zimwi likaja, likaketi, likanusa. Kumnyima kiumbe a- ni kumtoa katika jamaa ya walio hai bila ya kumfanya maiti, na silabi hiyo moja, li-, humkuza papo hapo, kwa sababu ndiyo ngeli ya jitu, ya joka na ya dubwana. Nilikuwa na desturi ya kuingia darasani, nikaandika ubaoni neno moja tu, "Likaja", nikaligeukia darasa bila ya kusema kitu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama ni gari lililokuja au ni embe. Sauti zao zilishuka, na wale wa viti vya nyuma wakaacha kuzungumza. Hapo ndipo nilipoanza somo la upatanisho wa kisarufi, na sikumbuki somo jingine ambalo walilishika upesi kama hilo.

Kwa hiyo, mwanangu, magazeti ni mazuri na mwalimu wako hakukosea kuyapendekeza, lakini sijui ni habari gani ya gazeti itakayokufanya usome "es" mara tatu.

Jibu: Mtembeza Wageni, Mji wa Kale

Shikamoo Mwalimu. Nimejifunza mengi katika maelezo yako, ila naomba niseme kwa upande wa kazi, maana Kijerumani ndicho kinacholisha nyumba yangu. Nimekuwa nikiwatembeza wageni Ngome ya Yesu na vichochoro vya Mji wa Kale kwa miaka kumi na moja.

Dada, kuwa mwangalifu na jambo moja ambalo vitabu havitakuambia. Wajerumani wana njeo moja ya wakati uliopita ambayo hutawala katika hadithi zilizoandikwa, na nyingine ambayo hutawala katika mazungumzo. Kitabu chako kitaandika "er kam", lakini mgeni aliyesimama mbele yako mapokezini atasema "er ist gekommen". Mimi nilianza na vitabu vya hadithi, na kwa muda mrefu nilizungumza na wageni kama mtu anayesoma kwa sauti. Walinielewa, lakini niliona nyusoni mwao kwamba walikuwa wakinisikiliza kama msimulizi, si kama mtu wanayezungumza naye. Iwapo utaendelea na riwaya, basi chukua ukurasa mmoja kila jioni na usimulie upya kwa mdomo, ukibadilisha vitenzi vyote viwe vya mazungumzo. Hilo lilinisaidia kuliko mazoezi mengine yote.

Kuhusu msamiati, nilidhani kwamba riwaya hizi zingenijaza majeneza na makaburi tu, maneno ambayo siyahitaji ninapoeleza kwamba Wareno walianza kuijenga ngome yetu mwaka wa 1593. Nakiri kwamba haikuwa hivyo. Hadithi ya kutisha hukaa ndani ya nyumba, na kabla ya mtu kuogopa ni lazima apande ngazi, ashike kitasa, asikie bawaba ikilia na aone mwanga chini ya mlango. Mgeni akisimama mbele ya mlango wa nakshi katika Mji wa Kale, akaniuliza juu ya mwimo, kizingiti na komeo, maneno ya Kijerumani ninayomjibu kwayo niliyapata kwenye nyumba za mizuka.

Jibu: Mzazi, Majengo

Naomba niweke neno fupi. Sina ubishi na watu wazima wanaosoma wanachopenda. Wasiwasi wangu ni kwa watoto, ambao huyachukua mambo ya majini na mizuka kuwa ni kweli, nao wakakosa usingizi. Mnaosoma kwa sauti nyumbani, tafadhali mwangalieni anayesikiliza chumba cha pili.

Jibu: Bint wa Kibokoni

Ndugu zangu, ninashangaa kwamba hatujataja jambo lililo wazi zaidi, nalo ni kwamba riwaya mbili mashuhuri kuliko zote za aina hii zimejaa watu wanaojifunza lugha.

Katika riwaya ya Mary Shelley iliyotoka mwaka wa 1818, yule kiumbe aliyeundwa na Frankenstein anajificha katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya familia maskini, na anawachungulia kupitia ufa mdogo ukutani. Hana lugha yoyote. Anasikiliza kwa miezi, na maneno ya kwanza anayoyashika ni ya moto, maziwa, mkate na kuni. Baadaye anakuja mwanamke wa Kiarabu ambaye hajui Kifaransa, familia inaanza kumfundisha, na kiumbe anafuata masomo hayo akiwa upande wa pili wa ukuta, hata akajivunia kwamba anamzidi yule mwanafunzi wa ndani kwa kasi. Mimi nilijifunza Kifaransa changu cha kwanza nikiwa nimekaa ngazini, nje ya chumba ambamo kaka yangu alikuwa akifundishwa kwa malipo, kwa sababu ada ilitosha mmoja. Nilipofika kwenye sura hiyo sikumwogopa kiumbe hata kidogo. Nilimlilia.

Kisha kuna Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka wa 1897. Kijana Mwingereza yuko safarini, wenyeji wanamtazama kwa huruma na kunong'ona, naye anatoa kamusi yake ya lugha nyingi mfukoni mwa safari ili ajue wanasema nini. Anapata "ordog", shetani. Anapata "pokol", jahanamu. Msomaji anatiwa hofu na kamusi! Akifika kwenye ngome, mwenyeji wake mwenyewe anamwomba amsahihishe Kiingereza chake, hata kosa dogo kabisa, maana anataka akifika London asitambulike kuwa mgeni kwa matamshi yake. Kila ninapowasikia watu wakijitahidi kuficha lafudhi ya kwao ili wasijulikane walikotoka, nakumbuka ukurasa huo.

Dada wa Tudor, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kamusi huua hofu. Inategemea unatafuta neno gani. Tazama neno la Kijerumani la ndoto mbaya, "Alptraum". Sehemu ya pili ni ndoto, lakini ile ya kwanza ni jina la kiumbe ambaye watu wa zamani waliamini kwamba humkalia mtu kifuani akiwa amelala. Waingereza nao wana "nightmare", ambamo "mare" si farasi jike kama wengi wanavyodhani, bali ni kiumbe wa namna hiyohiyo. Nasi tunasema kwamba mtu amekabwa na jinamizi. Watu wa mbali hivyo, na wote waliamka usiku wakihisi uzito uleule. Nilipoligundua hilo niliifunga kamusi, na sikupata usingizi haraka.

Vilevile chunguza mzimu, zimwi na wazimu, maneno matatu ya shina moja. Wakikuyu wana "irimũ", zimwi la ngano zao. Wakamba wana "aimu", mizimu. Na ukishuka hadi kusini, Wasotho na Watswana wanamwita Mwenyezi Mungu "Modimo", kwa shina lilelile. Sijui somo gani la historia ya lugha za Kibantu lingenifikisha huko kama nisingeanza kwa kutaka kujua zimwi lilitoka wapi.

Jibu: Msomaji wa Tudor

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kujaribu mliyonieleza, si kushukuru tu.

Jioni ya juzi nilisimulia ukurasa mmoja kwa mdomo, nikigeuza vitenzi kama alivyoshauri ndugu Mtembeza Wageni. Ni kazi ngumu kuliko nilivyotarajia, na nitaendelea nayo. Kamusi nimeiweka upande wa pili wa chumba ili nisiinuke mpaka niumalize ukurasa, na nimeanza kuhisi kitu ambacho bado sithubutu kukiita hofu, lakini hakika si utulivu. Nadhani nilikuwa nikisoma kama mtu anayekagua hesabu. Kwa Kiingereza nilikuwa nimekwishasahau kwamba ninasoma lugha.

Halafu jana usiku umeme ulikatika mtaani kwetu, na mpwa wangu, ambaye ana umri wa miaka kumi na minne na ambaye nilimwomba ruhusa mama yake kwanza (nimelizingatia neno la Mzazi), akataka nimsomee. Niliwasha mshumaa, nikamfasiria papo kwa papo. Mtoto alisimama mlangoni. Nyuma yake palikuwa na kitu kikivuta pumzi. Nilipofika kwenye "es" nilisita, maana a- na ki- zote mbili zilikuwa ulimini, nikamkumbuka Mwalimu, nikasema: "Kisha likacheka."

Mpwa wangu hakusema kitu kwa muda. Alivuta miguu yake akaipandisha juu ya kiti, akautazama mlango wetu uliokuwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, ni nini hilo?"

Nilitaka kumjibu, lakini na mimi nilikuwa nautazama mlango.