Kufua chuma uani: hobi, ufundi au kiwanda cha magobore?

Springi_ya_Fuso
Mbukwenyi wakuu. Mchana naendesha boda hapa Dodoma mjini, jioni nafua chuma uani kwetu. Sijasomea popote. Nilianza na springi ya Fuso niliyonunua kwa wauza chuma chakavu, debe la mkaa na mashine ya kukaushia nywele ya dada yangu (bado ananidai). Natengeneza visu vya jikoni, vya kuchinjia na vishoka vidogo.

Juzi wamekuja watu watatu, mmoja namfahamu wa mtaani, wawili siwajui. Wameambiwa natengeneza magobore. Ushahidi wao? Bomba la chuma lililoegemea ukutani. Wakuu, lile bomba ndilo linalopeleka hewa kwenye jiko langu! Wameondoka nalo.

Maswali yangu mawili. Mtu mwenye grenda, mashine ya kuchomelea au leithi (ile ya kukerezea chuma) nyumbani asajiliwe, ndiyo au hapana? Na wale wahunzi wa vijijini wanaojulikana kabisa kuwa wanatengeneza magobore, wapewe leseni wafanye kazi mchana kweupe, au tuendelee kujifanya hatuwaoni?

Mama_Nkuhungu
Pole kwa bomba. Ila hujatuambia huwa unagonga hiyo nyundo saa ngapi.

Wakili_Mtarajiwa
Kaka, tutenganishe mambo. Kumiliki nyundo, tupa, fuawe na leithi si kosa. Kutengeneza silaha ya moto bila leseni ni kosa, tena si dogo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ile iliyochukua nafasi ya sheria ya 1991, haisemi "isipokuwa gobore la kufukuzia nyani". Gobore nalo ni silaha. Kwa hiyo swali lako la pili limeshajibiwa na Bunge, na Bunge lenyewe liko hapo hapo mjini kwako.

Mkulima_Chemba
Bunge limejibu likiwa limekaa kwenye viti. Njoo Chemba wakati mtama umeanza kuweka suke, tembo wametoka pori la akiba la Swaga Swaga, uniambie nimsomee kifungu gani. Marehemu babu alikuwa na gobore lenye kibali. Lilikuwa linakaa juu ya dari, halitoki hovyo, na kijiji kizima kilijua liko kwa nani. Leo ukipiga simu kwa wahusika unaambiwa gari halina mafuta. Shamba likishaliwa unajaza fomu ya kifuta jasho. Jasho lenyewe linakauka ukiwa kwenye foleni.

Nala_Mpya
Mkulima, tembo humpigi kwa gobore, unamkasirisha tu halafu anarudi kuuliza ni nani. Na msije mkasingizia kwelea kwelea. Wale serikali inawafuata kwa ndege ya kunyunyizia dawa, wewe utawapiga mmoja mmoja mpaka lini?

Mkulima_Chemba
Nimetaja kwelea wapi? Soma kwanza halafu ndiyo ujibu. Gobore ni mlio. Tembo anaogopa mlio.

Nala_Mpya
Kama ni mlio piga debe.

Mkulima_Chemba
Wewe ndiye debe.

Uhuru_wa_Chuma
Tatizo letu tunaogopa watu wetu wenyewe. Marekani mtu anajitengenezea bastola gereji kwake, hamwombi mtu ruhusa, na nchi haijaanguka. Huku bomba la kupuliza mkaa linaleta ugeni wa watu watatu.

Wakili_Mtarajiwa
Umesimulia nusu. Sheria yao ya 1968 inadai leseni kwa anayetengeneza kama biashara. Anayejitengenezea ya kwake kwa ngazi ya taifa hadaiwi, ila majimbo kama California yana masharti yake ya namba za utambulisho. Halafu 2022 wakatunga kanuni ya kubana vile vipande vinavyouzwa vikiwa karibu vimekamilika, mnunuzi anamalizia nyumbani. Ikapingwa mahakamani, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi yao ikaiacha isimame. Kwa hiyo hata hao unaowasifu wanakuna vichwa.

Uhuru_wa_Chuma
Na Japani je? Kule kupata bunduki ni kazi kuliko kupata visa, lakini Abe, waziri mkuu wao wa zamani, aliuawa mjini Nara, Julai 2022, kwa silaha ya kutengeneza nyumbani. Sheria kali ilisaidia nini?

Wakili_Mtarajiwa
Umejijibu mwenyewe. Ni tukio moja na dunia nzima bado inalikumbuka. Sehemu zenye bunduki kila nyumba, nani anayeweza kuyahesabu?

Muuguzi_wa_Zamu
Naomba niseme kitu kama mtu niliyekuwa zamu. Ilikuwa wilaya mojawapo ya huku kwetu, sitaitaja. Waliletwa ndugu wawili kwa pikipiki, mdogo amemshika mkubwa kiunoni asianguke. Mkono wa kushoto umefungwa kanga, kanga imeganda. Tulipoifungua vidole vitatu havikuwepo, na kwenye shavu kulikuwa na vipande vya chuma vyeusi kama mbegu za mlenda. Gobore lilipasukia mikononi. Bomba la kawaida, la maji sijui la nini. Wala hakuwa akiwinda mtu, alikuwa anafukuza nguruwe pori. Aliyelitengeneza hata kuja kumjulia hali hakuja, na ndugu hawakutaka kumtaja. Mnapojadili leseni kumbukeni anayelipiga mara nyingi si aliyelitengeneza.

Tabora_Boy
Kwa kweli mada nzuri, ila nashangaa inajadiliwa Dodoma. Mgogo na chuma wapi na wapi? Nyie ni ng'ombe, mtama na zeze. Hata majembe mlikuwa mnaletewa na sisi Wanyamwezi kwenye misafara, tunapita tunawalipa hongo, ule ushuru wa njia. Tuachieni wenye asili ya ufundi tuongee. 😀

Mlenda_wa_Mvumi
Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini hapa umenivuta shati.

Hongo mlilipa kwa sababu mlikuwa mnatoka Marenga Mkali, ile nyika kavu, ndimi zimewatoka nje, maji yapo kwetu na chakula kipo kwetu. Ile si sadaka, ni bei. Pili, hayo majembe mnayojivunia mliyabeba mabegani tu. Waliofua ni Warongo kule Uzinza, nyinyi mlikuwa wachukuzi. Mpagazi hawezi kuwa mhunzi kwa kuwa amebeba jembe.

Tabora_Boy
Hahaha, mtani amekasirika. Mtemi wetu Mirambo alikuwa na bunduki wakati nyie mna mikuki. Alikuwa na wahunzi wake wanamfulia bunduki pale pale Urambo.

Mwalimu_Mstaafu
Shikamooni wazee wenzangu, na vijana marahaba kabisa. Tabora_Boy, hapo umechanganya mwanangu. Mirambo, aliyefariki 1884, bunduki zake zilitoka pwani kwa biashara ya pembe za ndovu. Hakuwa na kiwanda. Ukitaka ufundi wa chuma wa kujivunia nenda Buhaya. Mwaka 1978 watafiti Schmidt na Avery waliandika kwenye jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya walivyokuwa wakipata chuma cha pua katika tanuru za udongo, hewa ikiingia ikiwa imeshapashwa moto kwenye mabomba ya udongo. Na Ufipa kulikuwa na tanuru ndefu kumzidi mtu.

Bukoba_Mjini
Asante mwalimu. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme ili nisionekane najisifu.

Nala_Mpya
Mhaya kusubiri asijisifu! Hii nayo iandikwe kwenye jarida.

Mlenda_wa_Mvumi
Sijamaliza na Mnyamwezi. Umesema sisi ni zeze. Haya, na ilimba, ala yetu ya kupigwa kwa dole gumba? Umewahi kuiona ilimba kwa macho au umeisikia redioni tu? Pale kwenye ubao kuna njiti za chuma, na kila njiti imegongwa ikawa bapa mwishoni, huku kwenye daraja inabaki nene. Ukiigonga zaidi kidogo sauti inabadilika, ukiivuta mbele inashuka, ukiirudisha ndani inapanda. Babu yangu alikuwa akizifua kutoka kwenye misumari mikubwa, kajiwe chini, nyundo ndogo juu, anagonga mara mbili, anaipachika, anaipiga kwa dole gumba, anatikisa kichwa, anaichomoa anagonga tena. Njiti moja ilimchukua hadi ng'ombe wanarudi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu aliyetoka Doduma, alizunguka dunia nzima kwa hizo njiti. Nionyeshe jembe la Tabora lililopigiwa makofi Ulaya.

Tabora_Boy
Sawa kwenye muziki nimekubali. Ila msumari si wako, umetoka kiwandani. Kufua msumari na kuyeyusha jiwe la chuma ni vitu viwili.

Mlenda_wa_Mvumi
Na springi ya Fuso ya huyu kijana imeyeyushwa na nani, Mirambo?

Kondoa_Irangi
Mnabishana mikoa ya mbali wakati huku Kondoa, bonde la Haubi, mabaki ya uyeyushaji chuma yapo na wataalamu wa mambo ya kale wameyafanyia kazi. Utotoni tulikuwa tunaokota yale mawe yenye matundu, tunadhani ni ya volkano. Dodoma ni mkoa, si kabila moja.

Mama_Nkuhungu
Jamani yule kijana aliulizia bomba lake.

Fundi_Kizota
Nimesoma kote, nina miaka thelathini na kitu kwenye kazi hii, kijana ngoja nikuulize. Hicho kisu unakizimishaje?

Springi_ya_Fuso
Shikamoo mzee. Nina sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Chuma kikiwaka nakigusisha, sumaku ikikataa kushika najua kimefika, nakirudisha motoni kidogo halafu nakitumbukiza kwenye oili chafu niliyoipasha. Nikipitisha tupa inateleza bila kula, nafurahi.

Na Mama, nyundo mwisho saa mbili usiku. Nimeona unaniuliza kama vile mimi ndiye mhalifu.

Fundi_Kizota
Marahaba. Hapo unafurahi mapema. Kikishateleza tupa kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama biskuti. Unasugua mpaka king'ae, halafu unakirudisha kwenye joto dogo, unaangalia rangi inayotembea. Ikifika rangi ya bua kavu la mtama, toa. Umekosa hatua hiyo ndiyo maana visu vyako vitakurudia.

Kuhusu leseni. Mimi wameshanijia watu mara mbili na vipande kwenye gunia, eti nikereze kidogo tu, nisiulize. Mmoja aliweka hela mezani kabla sijajibu. Nilimwambia mashine imeharibika, na kwa wiki nzima niliiacha kweli imefunikwa turubai maana walikuwa wanapita kuchungulia. Sasa nikisajiliwa, huyo mtu atakwenda kwangu au kwa asiyesajiliwa?

Uhuru_wa_Chuma
Ndiyo hoja yangu hiyo hiyo mzee, usajili unamkamata mwema.

Fundi_Kizota
Sijasema hivyo. Mimi natamani nisajiliwe. Ningekuwa na cheti ukutani ningemwonyesha kwa kidole, nisingedanganya kuhusu turubai. Usiniweke upande wako.

Mkulima_Chemba
Kumbe tunakubaliana, wahunzi wa magobore wapewe leseni.

Fundi_Kizota
Wewe nawe. Nimesema mafundi chuma. Silaha ziachiwe wanaozijua, kuna Mzinga Morogoro, shirika zima la jeshi. Mimi natengeneza mageti.

Wakili_Mtarajiwa
Mzinga nao hawatatengeneza gobore, mzee.

Bukoba_Mjini
Na kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu 1973. Kijana aende akajiandikishe kama mjasiriamali wa visu, apate karatasi. Mtu akija na maneno ya jirani unatoa karatasi. Nchi hii karatasi ni ngao.

Springi_ya_Fuso
Nimeenda asubuhi, nitarudi Jumatatu na picha za kazi zangu. Bomba bado halijarudi. Nimeunganisha jingine, fupi, nimelipaka rangi ya pinki.

Nala_Mpya
Gobore la pinki! Sasa watakuja sita.

Muuguzi_wa_Zamu
Nimeona hakuna aliyejibu nilichoandika. Sawa.

Mwalimu_Mstaafu
Nimekusoma binti yangu, mara mbili. Sikuwa na la kusema ndiyo maana nikakimbilia Mirambo. Yule ndugu anaendeleaje?

Muuguzi_wa_Zamu
Alipona. Analima kwa mkono wa kulia, jembe amefungiwa kamba kwenye kiwiko cha kushoto. Alirudi kutuletea karanga.

Mkulima_Chemba
Dada pole. Babu yangu lake halikuwahi kupasuka, ila sasa nakumbuka alikuwa analipiga amegeuza uso pembeni. Nilikuwa nadhani ni mbwembwe.

Tabora_Boy
Mtani Mlenda, ile ilimba ya babu bado ipo?

Mlenda_wa_Mvumi
Ubao upo, njiti nne zimeng'oka, watoto walichezea. Wa kuzifua hayupo tena.

Tabora_Boy
Si kuna kijana hapa anafua.

Springi_ya_Fuso
Naweza kujaribu. Ila springi itakuwa ngumu mno kwa sauti, au? Mzee Kizota?

Fundi_Kizota
Usimpe springi. Tafuta msumari wa zamani, ule mkubwa wa kuezekea nyumba za mbao, uupashe moto uuache upoe taratibu mpaka uwe laini, halafu uufue baridi. Leta kwangu Jumamosi uje na huo ubao. Njoo mchana.

Mlenda_wa_Mvumi
Nne tu, mzee. Ndefu kuliko zote ndiyo ya kwanza kushoto, hiyo tuanze nayo kwa sababu sauti yake bado naikumbuka.