Chumvi ya kopo na ubongo wa mtoto tumboni

Wakuu, waifu ana mimba ya wiki 10, tuko Kongwa, mama mkwe katuletea chumvi ya mawe ile ya kupima kwa kopo, nesi kaikataa eti ubongo wa mtoto. Chumvi na ubongo wapi na wapi?

— Nesi yuko sahihi. Chumvi hiyo ya mawe mara nyingi haijawekwa madini joto (ayodini), na bila hayo tezi ya shingoni ya mama haitoi homoni ya kutosha, na mtoto miezi hii ya mwanzo anategemea ya mama tu. Homoni hiyo, inaitwa T4, ikifika kwenye ubongo inageuzwa T3, aina yake yenye nguvu zaidi, inaingia mpaka kiini cha seli inashika kipokezi kilichokaa kwenye DNA, hapo jeni zingine zinawaka zingine zinazima, mfano za kutengeneza mayelini, ule utando unaofunika nyuzi za neva.

— Kumbe swichi?

— Swichi yenye muda wake maalum, ukichelewa kuiwasha hairudishi yote.

— Hiyo ya kopo mpe mbuzi, wanailamba balaa 😂