Waliopanda Mlima Kilimanjaro, utamu wenyewe uko wapi?

Habari wakuu, Desemba napanda kwa njia ya Marangu. Kwa mliofika, ni wakati gani ulikugusa kuliko yote, kileleni au njiani?

mpandaji_tz: Kaka wengi watakwambia kile kibao cha kilele cha Uhuru, mita 5,895, ila mimi nasema Gilman's Point, pale unapofika ukingo wa kreta. Mnatoka kambi ya Kibo kama saa sita usiku, giza, baridi kali, changarawe zinateleza ukipiga hatua moja unarudi nusu, mwongozaji anasema polepole tu, halafu ukishafika pale ukingoni unageuka unaona jua linachomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi na mawingu yote yako chini yako. Nililia kabisa.

dada_moshi: Kwangu ni barafu. Kutoka Stella Point, sehemu nyingine ya ukingo huo, kwenda Uhuru unaiona kushoto, inang'aa, na inazidi kupungua kila mwaka, nendeni muione jamani.

mpandaji_tz: Kweli dada. Na mkuu, kichwa kikiuma sana na unatapika usilazimishe, mwambie mwongozaji mshuke.

Mleta mada: Asanteni sana, hamu imezidi!