Kiingilio cha hifadhi ni 5,900, ila kama huna Land Cruiser utaishia getini

Wakuu, salaam. Nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira. Hazijaisha, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa darasa la tatu akaone wanyama. Hifadhi siitaji, maana dada wa dirishani alikuwa mstaarabu na sitaki msala umwangukie yeye. Hesabu nilishapiga mapema: Mtanzania mtu mzima kwenye hifadhi za daraja lile ni 5,000, weka VAT ya asilimia 18 inakuwa 5,900. Nikasema hii bei ya chipsi kuku, twende. Tukachangishana na jirani tukakodi Noah, mke wangu akaamka saa tisa usiku kupika chapati na kuchemsha mayai.

Saa nne asubuhi tuko getini. Keshi hawapokei, sawa, siku hizi kila kitu cha serikali ni kontrol namba. Namba ikachukua dakika arobaini kutoka. Nalipa kwa simu, muamala umeshindikana. Mara mtandao uko chini. Mara umerudi, hela imekatwa, lakini "mfumo bado haujasoma". Mtoto alikuja na daftari lenye orodha yake: simba, tembo, twiga, pundamilia, na "nyoka ila wa mbali". Mpaka saa sita na nusu alikuwa ameona mnyama mmoja tu, tena hayumo kwenye orodha: nyani, aliyefungua hotipoti kama yake na kuondoka na chapati tatu. Akaniuliza kama nyani anahesabika.

Mfumo ukasoma. Askari akaizunguka Noah, akainama, akachungulia chini, akatikisa kichwa. "Kaka, hii haipiti. Mvua imenyesha juzi, mtakwama." Kwa hilo simlaumu, kweli gari ni ya chini. Ila hajamaliza hata kusema, jamaa mmoja aliyekuwa ameegemea Land Cruiser pembeni akatusogelea: laki mbili na nusu, kwa muda wa saa tatu tu. Nikauliza, hatuwezi kutembea kwa miguu na askari, hata mwendo mfupi? Hakuna. Bodaboda je? Wakacheka wote wawili. Pikipiki haziingii.

Nirudishiwe basi hela yangu? Hela ikishaingia serikalini, kaka, ndiyo imeingia.

Sasa kabla hamjanirukia: sipingi kiingilio. Chukua mfano wa Mikumi: mgeni kutoka nje anaingia kwa dola 30 kabla ya VAT, sisi buku tano. Hapo tumependelewa, nashukuru. Lakini bei hiyo ya mzawa inamfaa mzawa mwenye gari ya milima. Sisi wengine tunakuwa tumenunua haki ya kusimama kwenye maegesho.

Ndiyo maana Watanzania wengi Mikumi tunaijua kwa dirisha la basi. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inaikata hifadhi kama kilomita 50, mtu mmoja akipiga kelele "twiga kulia!" basi zima linalalia kulia, hata aliyekuwa anakoroma. Hiyo ndiyo safari yetu. Shangazi yangu analima nyanya Doma, jirani na hifadhi hiyo, ndiye pekee kwenye ukoo wetu aliyemwona tembo kwa karibu, na hakuomba kumwona. Tembo akija shambani usiku hana kontrol namba. Ukilia unaambiwa kuna kifuta jasho, na jina lenyewe linakujulisha kwamba usitegemee fidia.

Mwalimu alisema Arusha, Septemba 1961 (siyo Azimio, lile ni la 1967), kwamba tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waje waufurahie urithi huu. Huyo mjukuu ndiye huyu, kakaa juu ya ndoo maegesho anamenya yai.

Mabasi ya kupeleka watu hifadhini mbona huwa yanapatikana wakati wa Sabasaba na Nanenane? Mwezi ukiisha yanaenda wapi? Wekeni Coaster moja iliyonyanyuliwa pale getini, Jumamosi na Jumapili, trip mbili kwa siku. Watu 28 kwa 15,000 ni laki nne na ishirini kwa trip, inamzidi hata yule jamaa wa Land Cruiser. Nitalipa, tena na jirani atalipa. Na kama barabara za ndani hazipitiki kwa gari ndogo, mniambie kabla sijalipa. Si mpaka namba isome ndipo mtu ainame kuchungulia gari yangu.

Mwenye kujua anijibu mambo mawili: zile gari za kukodi getini zina bei elekezi, au kila mtu anakadiria kwa kukutazama usoni? Na kuna aliyewahi kudai kiingilio ambacho hakukitumia akarudishiwa? Risiti ninayo, na saa ya kulipia imeandikwa.