Chembe cha mshale ndani ya sarara ya kulungu: je, nyama inafaa, na mnyama alisalimika vipi?

Mkazi wa Minnesota ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni Mkenya ninayeishi Minnesota, ambako kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiwinda kulungu wenye mkia mweupe kwa leseni. Novemba hii nilipata dume mzima aliyenona, ambaye kwa nje hakuwa na kasoro yoyote isipokuwa pembe yake ya kushoto, iliyokuwa fupi na iliyopinda kuelekea shavuni, ilhali ya kulia ilikuwa imekamilika na matawi yake yote. Nilipomning'iniza na kuanza kumchuna, ngozi ya mgongo iligoma kuachia mahali pamoja, juu ya mbavu za mwisho upande wa kulia, na nilipokata hapo kisu kikagonga chuma. Ndani ya sarara nilitoa chembe cha mshale chenye makali matatu, pamoja na kipande cha ufito wake, vyote vikiwa vimezingirwa na mfuko mweupe, mgumu, usio na usaha wala harufu. Isitoshe, mfupa wa mguu wa nyuma wa kulia una fundo kubwa, ishara kwamba uliwahi kuvunjika na ncha zake zikaungana kwa kupishana.

Naomba kuelimishwa juu ya mambo matatu: kama nyama hii inafaa kuliwa, mnyama huyu alisalimika vipi baada ya kuchomwa karibu hivyo na uti wa mgongo, na kama ule mguu una uhusiano wowote na pembe iliyoharibika.

Daktari wa Mifugo amejibu:

Ndugu, huo mfuko mweupe ndio jibu la swali lako la kwanza. Mwili ukishindwa kukitoa kitu kigeni, hukizungushia tishu ya kovu safu juu ya safu mpaka kitengwe kabisa na nyama iliyo hai, na kikishafungwa hivyo bila vijidudu vinavyoendelea kuzaliana, mnyama anaweza kuishi nacho maisha yake yote. Kata mfuko huo wote bila kuupasua zaidi, uondoe pia nyama ya pembeni yenye nyuzi nyeupe ngumu, kisha iliyobaki itumie kama nyama nyingine yoyote. Kwa kuwa kisu chako kilikwisha kuingia ndani, kioshe vizuri kabla ya kuendelea.

Hali ingekuwa tofauti kama ungekuta usaha wa kijani au wa manjano, harufu kali, au majipu katika sehemu zaidi ya moja, hasa kwenye ini, mapafu au utando wa kifua. Jipu moja lililojifunga huondolewa pamoja na nyama inayolizunguka kwa upana wa kutosha, lakini maambukizi yaliyosambaa, tena katika mnyama aliyekonda, ni sababu ya kuutupa mzoga mzima. Watu wengi huogopa pia vivimbe vyeusi visivyo na nywele vinavyoota juu ya ngozi ya kulungu, wakidhani ni majeraha yaliyooza. Vile husababishwa na virusi, huishia kwenye ngozi, na hutoka pamoja nayo unapochuna.

Chunguza vilevile fuvu, maana umesema ni dume mzima. Madume hupigana msimu wa kupandana, na vidonda vidogo kwenye shina la pembe huruhusu bakteria kuingia na kula mfupa hadi kwenye ubongo. Ukikuta usaha kwenye shina la pembe, au mfupa umetobokatoboka kama uliotafunwa na mchwa, usilipasue fuvu hilo jikoni.

Msasi wa Wisconsin amejibu:

Nitajibu la pili na la tatu, kwa sababu ndiyo yanayozua ubishi kila msimu kambini kwetu.

Wawindaji wengi wa upinde huamini kwamba kati ya uti wa mgongo na mapafu kuna nafasi tupu ambamo mshale unaweza kupita bila kudhuru kitu. Nafasi hiyo haipo. Mapafu yakijaa hewa hugusa paa la kifua. Kinachowapotosha ni kwamba pingili za uti wa mgongo haziko pale mstari wa mgongo unapoonekana kwa nje, bali zimezama chini zaidi, hasa karibu na mabega, na juu yake kuna miiba mirefu ya mifupa yenye sarara kila upande. Mshale unaopita hapo hupita juu ya uti, ukikata nyama tupu na kuacha nywele na damu kidogo, na mwindaji akiapa kwamba alilenga mapafu. Dume wako alichomwa hapo hapo. Kulungu ni mnyama mgumu kuliko tunavyodhani: nimeshachuna wenye mbavu zilizovunjika na kuunga mafundo, na wenye marisau ya zamani yaliyotapakaa chini ya ngozi ya paja.

Kuhusu pembe, jambo unaloliona linajulikana sana: kulungu akiumia mguu wa nyuma, mara nyingi pembe inayoharibika ni ile ya upande wa pili, kama ilivyo kwa wako. Mguu wa mbele ukiumia, matokeo hayatabiriki hivyo. Kwa kuwa kulungu hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, kasoro inayotokana na mguu inaweza kupungua msimu unaofuata, ila shina lenyewe la pembe likivunjika, pembe hutoka na kilema miaka yote.

Mfuata Nyayo wa Ruvuma amejibu:

Mzee wa Wisconsin, naheshimu uzoefu wako, lakini hilo neno lako kwamba kulungu ni mnyama mgumu silikubali moja kwa moja. Sisi tunaochuna huwaona waliopona tu. Yule aliyechomwa tumboni akaenda kufia kichakani hafiki kwenye ndoana, bali huliwa na fisi huku kwetu, na huko kwenu na mbwa mwitu wenu. Ukihesabu makovu bila kuwahesabu hao, utadhani kila jeraha hupona, na mwindaji akidhani hivyo hulegea katika kufuatilia damu.

Nimefanya kazi na wawindaji bingwa kusini mwa Tanzania, ambako majeraha ya zamani tunayoyakuta kwa nyati mara nyingi ni makucha ya simba kwenye matako na mitego ya waya. Waya hukaza mguuni, mnyama akaukata waya huo kwa kuvuta, kisha nyama ikaota juu yake mpaka usiuone. Unaupata kwa kidole tu, kama mfereji mgumu unaozunguka mguu. Kitu kimoja tulichofundishwa kukitazama ni kwato. Mguu usiokanyagiwa hausagiki, kwa hiyo kwato zake huwa ndefu na zenye kupinda mbele. Ndugu wa Minnesota, linganisha kwato za mguu ule uliovunjika na za mwenzake, utajua kama aliutumia.

Mkazi wa Minnesota:

Nawashukuru sana. Fuvu ni safi na shina la pembe halina usaha. Kwato za mguu wa kulia ni ndefu kidogo tu kuliko za kushoto, kwa hiyo bila shaka aliukanyagia tangu ulipounga. Sarara ya upande ule nimekata na kutupa sehemu yenye nyuzi. Swali dogo la mwisho kwa Daktari: nilimpiga begani kwa risasi ya bunduki iliyotengenezwa kwa madini laini ya risasi. Je, nako nikate kwa upana kama penye mshale?

Daktari wa Mifugo:

Kata kwa upana zaidi ya pale penye mshale. Chuma kile cha zamani kilikuwa kimefungwa, lakini madini ya risasi laini hupasuka vipande vidogo visivyoonekana wala kuhisika mdomoni, vinavyotawanyika mbali na tundu. Mwaka 2008 huko North Dakota vipande hivyo vilipatikana katika nyama ya kusaga iliyotolewa kwa wahitaji, na watu wakashauriwa kuitupa. Bega lililopondeka usilisage, na hasa usiwape watoto wala mama mjamzito. Na kama eneo lako limo katika orodha ya ugonjwa wa prioni wa kulungu (ugonjwa wa ubongo unaoletwa na protini zilizoharibika, uitwao CWD kwa Kiingereza), peleka tezi za koo zipimwe na usubiri majibu kabla ya kula, kwa sababu ugonjwa huo hauonekani kwa kuchuna na hauondoki kwa kupika.